Kontra dansi kwa mgeni: kwa nini watu hupotea raundi ya nne wakati mazoezi ya mwanzo waliyaelewa?

#1 Binti_Pangani
Wanajamvi, habari. Swali kwa mlioko Marekani, hasa New England (kaskazini mashariki), na yeyote anayeijua kontra dansi, ile ya mistari miwili ya wenza. Kabla ya muziki mwitaji (yule anayeshika maiki na kutaja miondoko) anawapitisha watu dansi nzima kwa kutembea, mara mbili. Kila mtu anaitikia kwa kichwa. Bendi ikianza, raundi ya kwanza (dansi nzima mara moja) safi, ya pili safi, ya tatu inayumba, ya nne mgeni amesimama katikati ya mstari kama abiria aliyeshushwa kituo kisicho chake. Na miondoko ni ileile! Nini kinavunjika pale? Anayekwenda Jumamosi kwa mara ya kwanza ashike nini kichwani?

#2 Kibaraghashia
Nilidhani uzi wa wale waasi wa Kontra wa Nicaragua. Nakaa hapa nisome.

#3 Hesabu64
Kinachovunjika ni hesabu. Tuni ya kontra ina bari (vipimo vya muziki) 32: A mara mbili, B mara mbili, kila kipande bari 8. Kila bari hatua mbili, jumla hatua 64. Bendi ikienda mapigo 120 kwa dakika, raundi nzima ni sekunde 32, na dansi ya dakika 8 inakupa raundi 15. Chukua dansi nyepesi kama hii:

A1: na jirani (wa jozi mnayokutana nayo), balansi, yaani kuingia na kurudi (4), swingi, yaani kuzunguka wawili mmeshikana (12)
A2: mistari mirefu mbele na nyuma (8), mnyororo wa marobini, yaani wachezaji wa upande wa kulia, kwenda kwa mwenza, unayecheza naye dansi nzima (8)
B1: na mwenza, balansi (4), swingi (12)
B2: duara kushoto robo tatu (8), pitaneni mwende kwa jirani mpya (4)

Sasa mgeni akinogewa na swingi ya A1 akaongeza hatua 3, anaingia A2 na deni la 3. Mistari mirefu anaikuta inarudi nyuma. Mnyororo anaukuta umeshapita. Kufika B2 anadaiwa hatua 8, na muziki haukopeshi.

#4 Kiatu_Laini
Mkuu Hesabu64, jumlisha tena. B2 yako ni 12, dansi nzima 60. Kati ya duara na kupitana pana balansi ya duara, hatua 4: wote wanne mmeshikana mikono, mnaingia ndani, mnarudi nje. Ndipo mnapitana.

#5 Hesabu64
@Kiatu_Laini kweli, nimeiruka. 8+4+4. Ahsante.

#6 Kibaraghashia
Jina lako badili liwe Hesabu60.

#7 Mzee_wa_Fidla
Hesabu ni sawa lakini hiyo haielezi kwa nini iwe raundi ya nne na si ya pili. Sababu ni kwamba mwitaji hunyamaza. Raundi za mwanzo anataja kila mwondoko hatua mbili au nne kabla haujaanza, ili ufike kwenye masikio kabla ya miguu. Akiona mstari umeshika, anaanza kupunguza maneno: "swingi… mnyororo… duara", kisha kimya, watu wacheze na muziki. Mgeni aliyekuwa anafuata sauti ndipo anabaki yatima. Hakuwahi kujifunza dansi, alikuwa anatii amri.

Dawa: tangu raundi ya pili acha kumsikiliza mwitaji, sikiliza tuni. A na B zina sauti tofauti. B mara nyingi hupanda juu. Ukijua "sauti ikipanda namkuta mwenza wangu", mwitaji hata akienda kunywa maji wewe umo.

#8 Binti_Pangani
Hii ya B kupanda juu ni mpya kwangu. Na kwa jig je? Mdundo wake si wa kutembea.

#9 Mzee_wa_Fidla
Unatembeka. Jig ni 6/8, lakini mguu unakanyaga mara mbili tu kwa bari, kwenye 1 na kwenye 4. Bari 32, hatua 64 zilezile. Mtu aliyekulia Mombasa au Lamu na chakacha masikioni 6/8 haimsumbui.

#10 Mpemba_wa_Boston
Naona mmeruka msingi. Kuna wasomaji hapa hawajui hata wanasimamaje. Kwa kifupi: mistari mirefu inaanzia mbele, yaani kwenye bendi, kwenda nyuma ya ukumbi. Mwenza wako anasimama mkabala nawe, mstari wa pili. Mwitaji anasema mshikane wanne wanne kuanzia mbele. Katika kila wanne, wawili walio karibu na bendi ni namba moja, wawili wa chini yao ni namba mbili. Katika mpangilio wa kawaida namba moja wanageuka kuipa bendi mgongo, namba mbili wanaitazama bendi. Aliye mbele yako ndiye jirani, aliye pembeni yako ndiye mwenza. Kila raundi namba moja wanashuka nafasi moja, namba mbili wanapanda moja, kwa hiyo kila baada ya nusu dakika una jirani mpya na mwenza yuleyule.

Kisha pande. Zamani walisema mabwana na mabibi. Sasa kumbi nyingi zinasema laki na robini, majina ya ndege, na mtu yeyote anacheza upande wowote. Laki kushoto, robini kulia.

#11 Kibaraghashia
Laki ngapi? Mimi kwa laki tano nasimama upande wowote mnaotaka.

#12 Jirani_Mwema
😂 Lakini hapo Kibaraghashia amegusa tatizo bila kujua. Wenyewe walichagua ndege hao kwa sababu herufi ya kwanza ya kila ndege ndiyo herufi ya kwanza ya upande wake kwa Kiingereza. Sisi kushoto na kulia zote zinaanza na K, msaada umekufa. Tumia hii: robini anakula. Mkono wa kulia ndio wa kulia chakula, na robini yuko kulia. Basi.

Nikirudi kwenye swali, sikubaliani na Hesabu64 wala Mzee. Mgeni hupotea mwisho wa swingi. Kwenye swingi watu wawili wanazunguka, na wakisimama lazima wajue wanatazama wapi na nani yuko upande gani. Mkifunguka kinyume, laki kulia na robini kushoto, mnyororo unaofuata unamwita robini na anayetoka ni laki. Hapo wanne wote wamekwama, hata wale wawili wasio na kosa. Angalia mstari wowote uliovurugika, rudi nyuma mwondoko mmoja, utakuta swingi.

#13 Kiatu_Laini
+1 kwa #12. Na kuna alama ya mwili isiyohitaji kujua kulia wala kushoto. Mshiko wa swingi ni hivi: mkono wa kushoto wa laki umeshika wa kulia wa robini, hiyo ndiyo mikono ya mbele. Mkono wa kulia wa laki uko mgongoni kwa robini, kwenye bega la nyuma, si kiunoni. Mkono wa kushoto wa robini unalala juu ya bega au mkono wa laki. Muda wa kumaliza ukifika, ile mikono ya mbele ielekezeni katikati ya seti, ng'ambo wanakosimama wale wengine wawili, kisha fungukeni kama kitabu kuelekea huko. Laki anabaki kushoto, robini kulia, kila mara, hata kama mlipoanza mlikuwa hamjui mko wapi.

Kosa la kawaida ni kusubiri hatua ya 16 ndipo mfunguke. Anzeni kwenye ya 13 au 14, ili hatua ya kwanza ya A2 iwakute tayari mmeshikana mikono na mstari.

#14 Upepo_wa_Kusi
Mnaongea swingi kama vile kila mtu anaiweza. Mguu je?

#15 Kiatu_Laini
@Upepo_wa_Kusi miguu ya kulia ya wote wawili inakaa karibu karibu, ukingo wa nje kwa ukingo wa nje, kama inataka kupigana bega. Huo ndio mhimili. Mguu wa kushoto unasukuma kwa nyuma, kama mtoto anayeendesha skuta. Kulia chini, kushoto sukuma, kulia chini, kushoto sukuma, mnazunguka kufuata saa. Usirukeruke, kichwa kibaki kimo kilekile. Ukiona nywele zinapanda na kushuka, unasukuma kwenda juu badala ya pembeni.

Mgeni asiyeuweza asilazimishe. Kutembea tu kuzunguka, hatua kwa pigo, ni swingi halali kabisa.

#16 Upepo_wa_Kusi
Na kizunguzungu? Huo ndio ugonjwa unaowapoteza, si hesabu wala pande. Mtu anayeona kuta mbili hawezi kujua jirani yuko wapi.

#17 Hesabu64
Macho. Mtazame mwenza machoni. Yeye ndiye kitu pekee kisichozunguka. Ukitazama ukuta unapita, umekwisha.

#18 Jirani_Mwema
Si kila mtu anapenda kukodolewa macho na mtu asiyemjua kwa hatua 12, na wengine kwa adabu walizokulia hawawezi. Tazama sikio, kipini cha nguo, paji la uso. Kazi ni ileile.

#19 Mzee_wa_Fidla
Macho ni nusu tu. Nusu nyingine ni uzito. Watu wawili wakishikana legelege, kila mmoja anazunguka kwa mhimili wake na kichwa kinayumba. Wakipeana uzito, kila mmoja akiegemea nje kidogo kutoka kwenye vifundo vya miguu, mgongo umenyooka, wanakuwa kitu kimoja chenye mhimili katikati. Ila uzito si kuning'inia. Kipimo: mwenzako akikuachia ghafla, uyumbe hatua moja, usianguke.

Vilevile kwa alemandi, mnapozungukana kwa mkono mmoja. Kiganja kwa kiganja, vidole gumba juu, kiwiko kimekunjwa, mkono imara. Usikamate kidole gumba cha mtu. Alemandi ya mara moja na nusu ndani ya hatua 8 haiwezekani kwa mkono uliolegea kama kamba ya nguo.

#20 Nahodha_Mstaafu
Nimesoma yote. Kila mmoja ana sehemu, lakini mmesahau mwisho wa mstari. Ukifika mbele kabisa au nyuma kabisa, huna jirani, unakaa nje raundi moja. Mgeni hapo anafanya mambo mawili mabaya: anapumzika akili, na anabaki upande uleule aliotokea. Katika dansi ya Hesabu64, mkipitana mkatoka nje ya mstari na kugeuka, laki amekuwa kulia na robini kushoto. Lazima mbadilishane nafasi mara moja, halafu mngoje. Msipobadilishana, raundi inayofuata mnaingia mkiwa mmegeuzwa, na kila anayewakuta anavurugika. Na kumbuka namba yako imebadilika: uliyekuwa unashuka sasa unapanda.

Mgeni akisimama karibu na mwisho wa mstari, raundi ya tatu au ya nne ndiyo inayomfikisha huko. Hiyo ndiyo "raundi ya nne" ya Binti_Pangani.

#21 Binti_Pangani
Ngoja. Nahodha, hiyo inaeleza kwa aliyesimama mwishoni. Aliyesimama katikati ya mstari wa watu 40 hafiki mwisho mapema hivyo.

#22 Nahodha_Mstaafu
Watu 40 ni wanne wanne kumi, kweli. Lakini aliyevurugika mwishoni anarudi katikati kukutana naye. Makosa yanasafiri.

#23 Hesabu64
Yaani ni mafua.

#24 Mpemba_wa_Boston
Kwa hiyo mgeni asimame wapi? Jibu fupi: katikati ya mstari, na mwenza awe mzoefu. Wageni wawili wakiwa wenza, hakuna wa kumvuta mwenzake. Tenganeni, mtakutana dansi ya pili. Kubadilisha mwenza kila dansi ndiyo desturi, kumwomba mtu usiyemjua si ajabu, na mtu akikataa hakuna kesi. Epukeni ule mstari ambao mafundi hupenda kujazana.

#25 Upepo_wa_Kusi
Hao mafundi ndio wachawi wa uzi huu. Mgeni anatoka kwenye mnyororo amejifunza vizuri, fundi anampokea kwa kumpindua mara mbili chini ya kwapa. Mwitaji hajasema hivyo! Mgeni anatoka kwenye mapindo anatazama mlango wa choo.

#26 Kiatu_Laini
Haki yake. Kwa faida ya wasomaji, mnyororo wa kawaida: marobini wawili wanapeana mkono wa kulia katikati, wanapitana, kila mmoja anampa laki wa ng'ambo mkono wa kushoto. Laki anamgeuza kinyume cha saa, yeye laki akirudi nyuma, robini akisonga mbele, mpaka wote watazame ndani. Hatua 8. Pambo linaongezwa kwenye mgeuzo huo wa mwisho, na robini ana haki ya kulikataa: shusha mkono ulioshikwa uwe kimo cha kiuno, uuweke mzito. Fundi mwenye adabu anaelewa hapohapo.

#27 Nahodha_Mstaafu
Na hei msiisahau, maana dansi ya pili au ya tatu ya usiku itakuja nayo. Watu wanne wanasukana kama nywele kwa hatua 16. Marobini wakianza kwa bega la kulia: kulia katikati, kushoto pembeni, mpaka mwisho. Ukitoka pembeni usikate kona, fanya tanzi pana, la sivyo unarudi mapema mno na mnagongana. Siri: katika hei, kusimama na kungoja ni kubaya kuliko kwenda kombo. Ukisimama unaziba njia ya watatu.

#28 Kibaraghashia
Mimi nimeshapotea na bado nimekaa kwenye kiti.

#29 Binti_wa_Tanga
Swali la pembeni. Kwa nini inaitwa kontra? Ni kwa sababu mistari miwili inakabiliana, si ndiyo?

#30 Jirani_Mwema
Wengi wanaeleza hivyo, mistari inayopingana. Wengine wanasema ni Wafaransa: walichukua dansi za Waingereza mwishoni mwa karne ya 17, wakasikia "country" wakaandika "contre", na neno likarudi limevaa nguo mpya. John Playford alichapisha kitabu chake cha dansi hizo London mwaka 1651, kabla Wafaransa hawajazivamia.

#31 Mpemba_wa_Boston
Mimi naona yote mawili yanakaa pamoja. Wafaransa hawangesikia vibaya kama mistari isingekuwa inakabiliana mbele ya macho yao.

#32 Mzee_wa_Fidla
Playford ana dansi za duara na za mraba pia, kwa hiyo hoja ya mistari ina tundu. Tuiache hapo.

#33 Binti_wa_Tanga
Kumbe ni kama lelemama ya huko kwetu, mistari na sare.

#34 Nahodha_Mstaafu
Hapana. Lelemama unasimama na wenzako mstari wako, mnaonyesha umoja wa chama. Kontra hakuna chama, ndani ya dakika 8 umeshikana mikono na nusu ya ukumbi. Na sare hakuna, mtu yuko na kaptula.

#35 Hesabu64
Turudi. Niongeze kwamba kanuni ya hatua 64 ndiyo inayomwokoa mgeni: ukipotea kabisa, usikimbizane na mwondoko uliopita. Ngoja swingi ya mwenza. Mtafute mwenza, mtazame, ingia naye. Kila dansi ina bari 32, kwa hiyo…

#36 Mzee_wa_Fidla
Si kila dansi. Money Musk ya huko New England huchezwa kwa bari 24, hatua 48. Na katika dansi kongwe nyingine hakuna swingi ya mwenza kwa wote, namba moja ndio wanaofanya kazi, namba mbili wanasimama kama nguzo. Na mwitaji akitaja Chorus Jig, usijiandae kwa jig. Tuni ni reel, si ya 6/8.

#37 Kibaraghashia
Jina jig, tuni reel. Halafu mnauliza kwa nini wageni wanapotea.

#38 Kiatu_Laini
Mgeni hatapewa Money Musk usiku wa kwanza, mzee.

Mambo ya mwilini: viatu. Soli ya mpira inayong'ang'ania sakafu inasokota goti, kwa sababu kwenye swingi mguu wa kulia lazima ujigeuze juu ya sakafu kila hatua. Soli ya ngozi au iliyolainika ndiyo sahihi. Viatu vya barabarani usiingie navyo, punje za mchanga zinakwaruza mbao. Beba jozi safi kwenye mfuko. Manukato kumbi nyingi zinaomba yaachwe nyumbani. Chupa ya maji, na shati la pili la kubadilisha wakati wa mapumziko.

#39 Mpemba_wa_Boston
Na saa! Tangazo likisema 7:30 ni saa moja na nusu usiku. Kuna mtu atakwenda saa saba na nusu mchana akute mlango umefungwa. Kama kuna darasa la wageni, mara nyingi ni nusu saa kabla. Nenda kwenye darasa hata kama umesoma uzi huu wote. Uzito haufundishiki kwa maandishi.

#40 Upepo_wa_Kusi
Wapi pazuri kwa mgeni?

#41 Mpemba_wa_Boston
Nelson, New Hampshire, wana dansi ya Jumatatu kwenye ukumbi wa mji, ukumbi mdogo, ndipo maeneo ya Ralph Page, mwitaji aliyefariki 1985. Kwa walioko Washington kuna Glen Echo Park, Maryland, ukumbi wa mwaka 1933, sakafu kubwa, lakini ni watu wengi. Brattleboro, Vermont, wana ile ya kukesha mpaka asubuhi. Hiyo mgeni asianze nayo.

#42 Jirani_Mwema
Kwa rekodi, bado nasema ni mwisho wa swingi.

#43 Nahodha_Mstaafu
Mwisho wa mstari.

#44 Mzee_wa_Fidla
Mwitaji kunyamaza. Na niongeze: kwenye mazoezi ya kutembea hakuna anayechelewa kwa sababu mwitaji anawangoja. Watu wanajifunza miondoko lakini hawajifunzi kuchelewa na kufidia. Ningekuwa naamua mimi, mara ya pili ya mazoezi ingehesabiwa kwa sauti, moja mpaka nane, bila kumngoja mtu.

#45 Hesabu64
Hiyo ya mwisho ni hesabu, mzee. Karibu kwetu.

#46 Binti_Pangani
Shukrani wakuu. Jumamosi basi nisimame laki au robini?

#47 Kiatu_Laini
Chagua mmoja ubaki nao usiku mzima. Kubadilisha kati ya dansi na dansi ni kwa waliozoea.

#48 Kibaraghashia
Robini. Laki wataichukua mlangoni kwenye kiingilio.

#49 Binti_wa_Tanga
Samahani, duara kushoto ni kufuata saa au kinyume cha saa?

#50 Hesabu64
Kufuata saa. Robo tatu ni nafasi tatu; hesabu watu unaowapita, usihesabu kuta.

#51 Nahodha_Mstaafu
Hesabu nafasi, si watu. Kwenye duara humpiti mtu yeyote, wote mnazunguka pamoja.

#52 Kibaraghashia
Hesabu60 😂